Umande wa Shimo la Tatu

Baba yangu mdogo alitaka jambo moja tu kutoka kwangu: nipite mchujo. Hakutaka kombe wala picha gazetini. Alitaka mtu mmoja aliyefundishwa kwenye uwanja wetu wa gofu wa Kigoma, ule ambao watu wa mjini wanauita malisho ya mbuzi, aende kwenye uwanja wa ubingwa, acheze siku mbili za mwanzo, na siku ya tatu jina lake liwe bado lipo ubaoni. Yeye mwenyewe alishastaafu kuendesha winchi ya kunyanyulia mizigo bandarini, ana miaka sabini na kitu, na goti la kushoto lilikuwa limemgomea. Wa kwenda nilibaki mimi, mwalimu wa hesabu wa sekondari huko Gungu, mwanamke wa miaka arobaini na miwili mwenye mtandio kichwani na fimbo saba za mtumba begani.

Naandika haya kwa sababu hadithi inayosimuliwa Ujiji kuhusu safari yangu siyo iliyotokea, na aliyeianzisha ni mimi.

Nianze na uwanja wenyewe, maana usipouelewa utaniona mjinga kuliko nilivyo. Uko kwenye mgongo wa kilima, ziwa liko chini yake, na siku isiyo na ukungu unaona milima ya Kongo ng'ambo. Una mashimo sita. Ukitaka kucheza kumi na manane unazunguka mara tatu, na mara ya tatu mbuzi wanakuwa wamekuzoea. Kiangazi nyasi zinakufa, ardhi inakuwa ngumu, mpira ukitua unaruka kama umetua kwenye sakafu. Ukipiga vibaya kushoto unateremka mpaka kwenye mihogo ya mama mmoja mkali ambaye ana ndoo nzima ya mipira yetu na harudishi hata mmoja.

Kwenye viwanja vya wenzetu, pale penye shimo na bendera pana nyasi laini zilizokatwa fupi sana, wanapaita griini. Sisi maji ya kumwagilia nyasi tungeyatoa wapi? Griini zetu ni maduara ya mchanga uliochanganywa na oili chafu ya injini, ili upepo wa ziwani usiupeperushe. Mchanga ule unashika kila kitu: unyayo, kwato, hata alama ya mkia wa mjusi. Kwa hiyo kabla ya kusukuma mpira uingie shimoni, unachukua gunia lililofungwa kwenye mti, unaliburuta kutoka mpira ulipo hadi shimoni, mara moja, bila kurudi nyuma. Tunaita kufagia njia. Ndipo unasukuma. Ukimaliza unafagia duara zima kwa ajili ya anayekuja nyuma yako.

Baba mdogo kwenye jambo hilo hakuwa na mzaha. Niliwahi kumwona akimfukuza uwanjani bwana mmoja mkubwa wa ofisi kwa sababu alisukuma mpira bila kufagia. "Kufagia ni kupiga hodi," alimwambia. "Wewe unaingia nyumba za watu kimyakimya?" Yule bwana hakurudi tena, na baba mdogo hakujuta. Mimi nilijua kuburuta gunia kabla sijajua kushika fimbo. Nilikuwa mtoto ninayempelekea chakula siku za mapumziko yake, wali na migebuka ya ziwani, na malipo yangu yalikuwa kuruhusiwa kumfagilia njia. Mkono wangu ulizoea hivyo miaka thelathini na zaidi. Wahenga walisema mazoea yana taabu, lakini hakuna anayeukumbuka msemo huo mpaka taabu yenyewe imfike.

Safari ya kwenda ilikuwa siku mbili kwa basi, mpaka upande wa pili wa nchi, kwenye miinuko ya baridi. Baba mdogo alinisindikiza stendi asubuhi, amevaa kanzu na koti juu yake. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia, "Usiuogope. Uwanja ni udongo tu, mwanangu."

Huo haukuwa udongo tu. Nilipofika langoni nilisimama nikajiuliza kama nimekosea njia nikaingia bustani ya ikulu. Kijani kila mahali, kimepigwa mistari. Nikaona haya kukanyaga. Msichana wa mapokezi aliniuliza fimbo nyingine nimeziacha wapi, nikamwambia ni hizi hizi, akatabasamu lile tabasamu la kumhurumia mgeni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nikanyamaza, nikachukua kadi yangu.

Siku ya kwanza nilianza saa saba mchana. Nitasema ukweli: uwanja ule ulinipiga. Kwetu nyasi ni kavu na chache, fimbo inapita. Kule ukitoka nje ya njia hatua mbili tu, unakuta nyasi nene zinazokamata fimbo kwenye shingo na kuipindua mkononi mwako. Shimo la nne lilikuwa refu kiasi kwamba nilipiga mara tatu, mpira mzuri kila mara, na bendera bado ikawa mbali. La saba lina bwawa mbele, na mimi niliyekulia kando ya ziwa kubwa namna hii nikaogopa kidimbwi. Nilipoteza mipira miwili humo. Penye mashimo ya mchanga, ambayo wenzangu waliyakwepa kama ugonjwa, nilikuwa nyumbani. Mchanga naujua. Mara nne niliangukia mchangani na mara nne nikatoka kwa mkwaju mmoja, mpaka mmoja wa wanawake niliocheza nao akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia na baba yangu mdogo. Nilisema kwa maringo, sitaficha.

Lakini griini. Jamani, zile griini. Mchanga wetu wenye oili ni mzito, mpira unausukuma kwa nguvu, unakwenda ulikotumwa na unasimama. Kule nilisukuma mpira wa hatua sita, ukalipita shimo, ukapanda mteremko ambao sikuuona kwa macho, ukageuka, ukashuka tena mpaka karibu na miguu yangu. Nikabaki nimeinama pale nikiuangalia. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Ilibidi nijifunze upya, mbele za watu, kitu nilichodhani nakijua tangu utotoni: kugusa kidogo, kuangalia mwinuko kutoka pande zote mbili, kulenga mahali ambapo shimo halipo. Kufikia shimo la kumi nilikuwa nimeanza kuelewa. Nilimaliza mahali pa katikati, si vibaya, si vizuri. Nikifanya vilevile kesho yake, napita mchujo.

Usiku nilimpigia simu baba mdogo nikamweleza shimo kwa shimo. Alicheka nilipomwambia habari za mpira uliorudi miguuni. Akaniuliza swali moja tu, nitaanza saa ngapi kesho. Nikamwambia ni kundi la kwanza, asubuhi na mapema. "Vizuri," akasema. "Hakuna aliyekutangulia kukanyaga."

Asubuhi ile ilikuwa na baridi ambayo sijapata kuiona. Nilivaa sweta mbili chini ya mtandio. Uwanja mzima ulikuwa mweupe kwa umande, mzito, kila hatua unaacha alama nyeusi nyuma yako. Tulikuwa watatu: mimi, dada mmoja wa Dar es Salaam anayefanya kazi benki, ambaye ndiye aliyeshika kadi yangu ya alama, maana desturi ni mwenzako akuandikie, na mama mmoja mtu mzima wa hukohuko. Wao walikuwa na wabeba fimbo wa kuwashauri. Mimi nilivuta zangu mwenyewe kwenye kitoroli.

Shimo la kwanza na la pili mpira wangu ulikuwa mzito juu ya griini, unajikusanyia maji na kusimama nusu ya njia. Shimo la tatu mpira wangu ulikuwa hatua mbili na nusu kutoka shimoni. Yule dada alikuwa pembeni kwenye nyasi ndefu akimsaidia yule mama kutafuta mpira wake, wabeba fimbo nao wameinamisha vichwa. Nikasimama nyuma ya mpira wangu. Nikaiona njia, nyeupe ya umande. Mkono wangu ukachukua taulo kwenye kitoroli, ukalitandaza chini, ukaliburuta kutoka mpira hadi shimoni, mara moja, bila kurudi nyuma. Sikufikiri chochote. Njia ikabaki nyeusi, safi, imenyooka. Nikasukuma, mpira ukaingia katikati kabisa. Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Tulipofika shimo la sita, yule mama alitaka kupangusa maji mbele ya mpira wake kwa mkono. Dada wa benki akamzuia haraka. "Mama, usiguse umande. Mchanga unaruhusiwa kuuondoa, majani unaruhusiwa, umande hapana. Ni mikwaju miwili ya adhabu." Yule mama akacheka, akashukuru, akaacha.

Mimi nilikuwa nimeshika fimbo yangu ya kusukumia. Nilitaka kusema palepale, na mdomo haukufunguka. Nikasukuma wa kwangu, tukaenda shimo la saba, nikavuka bwawa kwa mkwaju mmoja, watu wakanipigia makofi. Nilicheza vizuri siku ile, na hilo ndilo lililoniuma. Kila shimo nililocheza vizuri lilikuwa linaongeza bei ya yale maneno ambayo sikuwa nimeyasema. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kichwa changu hakiachi kujumlisha. Nilijua kuwa bila ile miwili nipo ndani, na nikiiweka nipo ukingoni au nje. Nilijiambia sikujua. Nilijiambia nchi nzima haina mtu aliyeona. Nilijiambia baba mdogo ana goti moja na miaka michache, na anachotaka ni jina ubaoni.

Mezani, pale unapokabidhi kadi, dada wa benki alinisomea alama zangu moja baada ya nyingine, kalamu mkononi. Alipofika shimo la tatu nikamwambia, "Hapo ongeza mbili. Nilifuta umande kwa taulo."

Akaniangalia. "Mimi sikuona."

"Mimi niliona," nikasema.

Nisisifiwe kwa hilo. Wanafunzi wangu wakinakiliana mtihani huwa nawachana kwa maneno mpaka wanalia. Ningerudi vipi kusimama mbele yao? Ilikuwa hasira kuliko utakatifu. Mwamuzi akaandika, nikaweka sahihi, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma. Jioni majina yalibandikwa. Nilikosa kwa mkwaju mmoja.

Simu ililia kabla sijaondoka ubaoni. Alikuwa yeye. Nilisikia nyuma yake sauti za watu, maana alikuwa amekwenda kukaa Katonga kwenye mwalo wa samaki, kwa fundi mmoja wa injini za boti ambaye naye ni mwanafunzi wake, wasikilize pamoja.

"Ehe, mwalimu," akasema.

Nilikuwa na ukweli mdomoni. Lakini ukweli ule ulikuwa unasema hivi: umenifundisha miaka thelathini, na kitu cha kwanza kabisa ulichonifundisha, kile unachokipenda kuliko vyote, ndicho kilichonitoa. Nikamsikia akipumua. Nikasema, "Nimekosa kwa mkwaju mmoja, baba. Mpira mfupi, shimo la mwisho. Ulipita pembeni."

"Mfupi kiasi gani?"

"Kama hatua moja."

Halafu akasema, na sauti yake ilikuwa nzima kabisa, "Hatua moja siyo ugonjwa. Hatua moja ni mazoezi. Uwanja haujakushinda." Nikamsikia akiwageukia waliokuwa naye: haujamshinda, ni hatua moja tu.

Nilirudi nyumbani nikakuta hadithi imenitangulia. Ujiji yote inajua. Sokoni wananiuliza hatua moja, shuleni wanafunzi wa kidato cha nne wananiita Hatua Moja wakidhani sisikii. Baba mdogo aliisimulia msikitini wakitoka swala, aliisimulia kwenye kahawa, kila mara ikinoga zaidi: jinsi uwanja wa ubingwa wenye mabwawa na nyasi za kunyongea fimbo ulivyoshindwa kumwangusha mtoto wa malisho ya mbuzi, ikabaki hatua moja. Na kila Jumamosi alinisimamisha kwenye mchanga wetu mweusi, akanipangia mipira hamsini, hatua moja kutoka shimoni, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki akihesabu. Nikiikosa mitatu ananuna. Niliingiza mipira hiyo Jumamosi baada ya Jumamosi, nikifagia njia kabla ya kila mmoja, nikijichukia.

Ningeweza kumwambia wiki ya kwanza. Wiki ya pili ingekuwa ngumu kidogo. Baada ya miezi mitatu ilikuwa tayari ni kumvunjia mtu nyumba aliyokwisha kuhamia. Ndivyo nilivyojisemea.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya yule fundi wa injini. Ni Muha wa Gungu, ana mke na watoto watatu, mtu wa maneno machache, na ndiye anayetuletea oili chafu ya kuchanganyia mchanga. Mkono wake ni bora kuliko wangu. Alikuwa anakwenda mashindano ya wanaume, uwanja uleule. Baba mdogo alifufuka. Alimpigisha mipira mpaka vidole vikatoka malengelenge.

Nilijua kabisa ninachotakiwa kufanya. Siku moja kabla ya safari niliteremka Katonga mchana, baada ya vipindi. Wanawake walikuwa wanageuza dagaa kwenye vichanja, harufu imejaa njia nzima. Nilitumaini nitamkuta fundi peke yake. Nikamkuta amefungua injini vipande vipande, na baba mdogo amekaa pembeni yake juu ya dumu, anamweleza habari za miteremko isiyoonekana, zile nilizomweleza mimi.

"Mwakeye, mwalimu," fundi akanisalimu kwa Kiha, kama anavyosalimia kila mtu, asubuhi au jioni.

Nikaitikia. Nikamwamkia baba mdogo. Nikasimama. Maneno niliyoyapanga tangu Gungu yalikuwa mengi na yenye mpangilio, na yaliyotoka yalikuwa haya: "Kule asubuhi kuna umande mwingi sana. Uangalie."

Fundi akainua kichwa. "Niangalie vipi?"

Kabla sijajibu baba mdogo akadakia, akicheka. "Umande nao wa kumtisha mtu? Afute. Taulo si analo? Anafagia njia yake kama alivyofundishwa, anasukuma, kwisha."

Fundi akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyefika kule. Alikuwa anangoja. Niliona grisi kwenye nyusi zake. Nikasema, "Safari njema," nikamkabidhi mfuko wa karanga nilioubeba, nikapanda kurudi barabarani.

Kwenye simu niliandika ujumbe, nikaufuta. Nikaandika mwingine. Nilijiambia atapata mbeba fimbo wa kumwambia. Nilijiambia pengine ataanza mchana. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hawasemi kwamba akiwa juu yake anaiona ndefu kuliko zote, kila siku anapata kona ya kujifichia. Usiku wa kesho yake fundi alikuwa ndani ya basi na simu yake ilikuwa inapatikana.

Alianza asubuhi. Alifuta umande shimo la kwanza, la pili na la tatu, mbele ya wenzake, kwa utaratibu na heshima zote, akidhani anawaonyesha adabu. Mwanzoni walidhani ni mzaha. Shimo la tatu ndipo mwamuzi alipofika na kumsimamisha. Mikwaju sita kabla jua halijapanda vizuri. Mtu akampiga video, akamwonyesha amepiga magoti anaburuta taulo kama anadeki sebule, na nyuma yake mtu anacheka. Video hiyo ilifika Kigoma kabla ya fundi mwenyewe. Hakupita mchujo, hata kukaribia.

Jumamosi alipanda uwanjani alasiri, kofia mkononi. Baba mdogo alikuwa kwenye kiti chake, mimi nilikuwa nimesimama na gunia, nafagia duara la shimo la sita. Fundi akasalimia, akaeleza yote bila kulalamika, kama anavyomweleza mwenye boti kwamba injini imekufa. Baba mdogo akaomba aone video. Aliitazama mara mbili, simu ikiwa mbali na macho kwa sababu ya uzee. Sauti ya yule anayecheka ilisikika mara mbili.

"Kanuni inasemaje?" akauliza.

Fundi akamsomea kutoka kwenye simu. Mchanga ndiyo, majani ndiyo, umande hapana.

"Na mimi ndiye niliyekwambia ufute."

"Mzee, hukujua."

"Sikujua," baba mdogo akasema. Akainuka, na kuinuka kwake ni kazi, akamshika fundi mkono kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, mwanangu. Nimekupeleka ukachekwe."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Nilimwacha amalize kuomba radhi. Nimelirudia hilo kichwani mara nyingi kuliko umande, kuliko kadi, kuliko simu: kwamba nilikuwepo, nina ulimi, na nikamwacha mtu mzima amalize.

Ndipo akanigeukia. Alikuwa anafikiri, nilimwona. "Mwaka jana, siku ya pili, ulianza asubuhi."

"Ndiyo, baba."

"Umande ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Ukafagia?"

"Shimo la tatu."

"Ukaandika kwenye kadi?"

"Niliandika. Hakuna aliyeniona, nikasema mwenyewe."

Akatikisa kichwa kukubali, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa na fahari, fahari ya kweli, ile niliyoifuata upande wa pili wa nchi. Halafu hesabu ikamfikia. Hakuwa amesoma sana, lakini mbili kutoa moja alijua.

"Ulikosa kwa mmoja, na umande ulikula miwili. Kwa hiyo ile hatua moja haikuwepo."

"Haikuwepo."

Alikaa chini. Fundi akaanza kurudi nyuma aondoke, baba mdogo akamfanyia ishara abaki. Nikasema niliogopa kumuumiza. Nikasema kufagia ndicho kitu chake. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, na nilikuwa nimekasirika pia, sijui nimemkasirikia nani. Alinisikiliza mpaka nilipoishiwa.

"Wageni uliwaambia kweli siku ileile," akasema. "Mimi nimeipata kwa aibu ya mwingine, baada ya mwaka."

Nikaliweka gunia chini.

"Unajua kuendesha winchi?" Aliuliza kwa sauti ya kawaida, ile aliyotumia kunifundisha. "Mwenye winchi haoni chini. Yuko juu, mzigo unamziba. Anamtegemea aliye chini apige kelele: simama, kulia, hapana, umekosea. Vijana wadogo walinipigia kelele namna hiyo kila siku, mbele za manahodha. Sikumchukia hata mmoja. Ndiyo maana nimestaafu sijaua mtu."

Akamnyooshea fundi kidole, bila kumtazama.

"Huyu alikuwa chini ya mzigo. Na wewe ulikuwa unaona."

Kisha akampa fundi mkono amwinue, wakateremka pamoja polepole kwa sababu ya goti. Mimi hakuniita.